Kundi la kupunguza uzito la mume wangu lilivyokaribia kumnywesha mama yangu mwavi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, nakaa Kigoma, na kila siku nasoma nyuzi zenu za dayati na makundi yenu ya kushuka kilo kumi kwa mwezi. Huwa nacheka. Halafu nikibaki peke yangu kicheko kinaisha.

Ninayoandika yalinipata mwenyewe. Sina cha kuongeza wala cha kuficha. Wengi waliokuwepo wameshazikwa, na aibu iliyobaki ni yangu.

Ilikuwa 1962, Kalemie, Kongo. Wakati ule mji bado unaitwa Albertville. Nilikuwa na miaka ishirini na mtoto mmoja wa kike, Feza. Mume wangu alikuwa mashinisti, yaani dereva wa treni, tukikaa kambi ya reli. Mama yangu, mjane, alikaa upande wa pili wa kambi. Kwenda kwake unapita milango yote ya watu, na watu wa kambi wana macho.

Mume wangu alikuwa mnene. Msidhani ilikuwa aibu. Kitambi cha mashinisti kilikuwa sifa ya mke. Wanawake bombani waliniambia, "Mama Feza, unamutunza muzuri," nami navimba kichwa kweli kweli.

Siku moja mashinisti mwenzake, mnene vilevile, akafia kwenye injini akitokea njia ya Niemba.

Njia ile, miaka ile ya vita, kila mtu aliiogopa, kwa hiyo tulijua ni risasi tu. Haikuwa risasi. Ulikuwa moyo. Mchochea moto aligeuka akakuta mzee amelalia mitambo na treni inakwenda.

Mume wangu alikuwa kati ya waliomshusha stesheni. Alirudi nyumbani akanawa mikono mara tatu, akakaa. Tangu siku hiyo nikawa namwona anajishika kifua akidhani simtazami.

Daktari akawapima mashinisti wote. Watano wakakutwa na presha. Akawaambia: miezi mitatu. Asiyefika chini ya kilo themanini na tano anashuka kwenye injini. Mume wangu alikuwa na mia moja na nne.

Hapo ndipo kundi lilipoanza. Muuguzi wa dispensari, Papa Ferdinand, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri, aliwakusanya hao watano kila Jumamosi asubuhi kwenye godauni la mizigo lisilotumika, ufunguo anao yeye. Walipanda mizani ya kupimia magunia. Ndiyo wakuu, magunia. Kila mmoja anapanda wenzake wakimtazama, kilo zake zinaandikwa ukutani kwa chaki. Aliyeongezeka anasimama kueleza alikula nini, kwa nani.

Mkiweka picha zenu za mizani humu nawakumbuka wale wanaume wazima wamevua viatu.

Wake tuliitwa mara moja tukapewa masharti. Bukari ngumi moja tu, yaani ugali wa muhogo. Mawese kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Pombe hapana. Mume asile kwa watu. Na chakula kilichobaki kisilale ndani ya nyumba, maana mwenye njaa atakitafuta tu.

Sharti moja waliliongeza wanaume wenyewe: siri. Waliogopa wasaidizi wao wakijua wanaumwa wataanza kuzimezea mate zile injini. Mume wangu akaniapisha. "Hata mama yako asijue."

Nikaapa.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Mume wangu akimwona mama njiani anapinda pembeni, na mama anavuta kitenge usoni. Kula mbele yake ndiyo usiseme kabisa. Upendo wote ulipita kwenye sahani. Kila mchana mama alileta mlangoni kwetu sahani ya bati imefunikwa kitambaa: bukari mlima, sombe, yaani kisamvu, limeloa mawese, na samaki wawili wa ziwani, mikebuka. Mkwe anakula, sahani inarudi tupu, imeoshwa. Sahani tupu ndiyo asante.

Sahani ikirudi na chakula, maana yake ni moja: mkwe anauogopa mkono uliopika, anadhani una uchawi.

Nilijua hilo. Nilizaliwa nalo. Lakini nilikuwa na masharti ya Papa Ferdinand kichwani. Chakula kisilale ndani, na kukimwaga niliona ni dhambi. Nikajiambia nitakirudisha kwa mama mwenyewe ale. Nikakifunika vizuri, mchana kweupe, nikapita nacho mbele ya milango yote.

"Ameshiba, Mama," nikasema.

Mama akafunua, akatazama, akafunika. Kesho yake akazidisha mawese na samaki akawa mkubwa zaidi. Alidhani mapishi yake yameharibika. Nikarudisha tena.

Nilifanya hivyo wiki tisa, wakuu. Kila siku.

Ukutani kule chaki ilikuwa inashuka. Mia na moja. Tisini na saba. Tisini na mbili. Mimi nilifurahi kwa siri, nikipunguza suruali zake kwa sindano. Bombani wanawake wakaanza kunyamaza nikifika. Siku moja mmoja akaniuliza, bila kunitazama, "Mama Feza, bwana yako iko nakwisha. Banamufanya nini?"

Nikasema ni kazi nyingi. Nikajitwika ndoo kwa haraka, ikanimwagikia miguuni.

Kisha mama akaja mwenyewe. Hakukaa.

"Mutoto wangu, mukwe ananiogopa?"

"Hapana, Mama."

"Basi nieleze. Watu hawanisalimie tena."

Ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Nikakumbuka kiapo. Nikasema tena ameshiba tu, na yeye akaondoka. Nilimwogopa mume wangu, namwogopea mume wangu, namwogopea mama, yote kwa pamoja, na bado nikanyamaza.

Mume aliporudi nilimwambia. Akasema tuvumilie wiki tatu tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bado anamwona yule mwenzake kwenye mitambo.

Wiki hiyohiyo akafika kaka yake, Ngoy, kutoka Manono. Alipomwona mdogo wake mlangoni alishika ukuta. Aliuliza maswali mawili matatu kwa majirani, akapewa habari ya sahani. Mimi hakuniuliza chochote. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Jumamosi ya mwisho ikakaribia. Mume wangu alikuwa na themanini na saba, zilibaki kilo mbili na ushee. Akafanya upuuzi ambao nauona hata humu kwenye nyuzi zenu: siku tatu maji ya ndimu tu. Jumamosi akapanda mizani ya magunia, akaanguka kutoka juu yake kwa kishindo, wapagazi wakaja mbio.

Habari zikanifikia kambini: mashinisti amekufa. Nikamfunga Feza mgongoni nikatoka mbio kwenda dispensari.

Njiani nikakutana na watu wanakwenda upande mwingine, upande wa kwa mama. Ngoy yuko mbele na vijana nyuma yake. Nikamshika mwanamke mmoja mkono.

"Banaenda kumupatia yule mama mwavi," akasema.

Kwa msiojua, mwavi ni dawa ya mti. Mshtakiwa anakunywa. Akitapika, ni msafi. Akifa, basi alikuwa mchawi. Utotoni niliwahi kuona mtu mmoja akinyweshwa. Hakutapika.

Mtaniuliza kuhusu polisi. Miaka ile ukiita askari hujui atakuja nani, na akija atamfanya nani nini.

Nilisimama pale njia panda, mwenzenu. Miguu ilitaka kwa mama. Lakini neno langu lingesaidia nini? Mimi ni mtoto wa mshtakiwa, na ni mimi niliyebeba sahani. Nikakimbilia dispensari nikilia, nikijua kama nitamkuta mume maiti, basi nimewapoteza wote wawili.

Nilimkuta amelala kwenye benchi, midomo myeupe, Papa Ferdinand anamnywesha maji ya sukari.

Nikamwambia. Akaamka. Papa Ferdinand akamkataza, yeye akashika ukuta, akasimama hivyohivyo. Tukaenda, ameegemea bega la yule mtu mfupi, na mimi nyuma nikiomba Mungu kwa maneno ya ovyo.

Uani kwa mama kulijaa. Mama ameketi kwenye mkeka. Pembeni yake iko ile sahani imefunikwa. Siku ile pia alikuwa amempikia mkwe wake. Ngoy amesimama na kikombe cha maji ya rangi ya udongo.

Mume wangu akaingia uani kwa mara ya kwanza tangu anioe. Watu wakarudi nyuma. Mama akageuza uso ukutani kwa heshima, hata wakati ule.

Akakaa chini mbele yake.

"Mama, niko na njaa. Unipatie chakula."

Nikainama nifunue sahani, mume wangu akausukuma mkono wangu. "Si wewe. Yeye."

Mama akatoa mkono chini ya kitenge, akasukuma sahani. Na mume wangu akala. Mbele ya mama mkwe wake, mbele ya kambi nzima. Bukari yote, sombe lote, samaki mpaka mifupa, mawese yakimtiririka hadi kiwiko. Mama alikuwa amejifunika kichwa kizima, na tulimsikia analia kwa ile aibu.

Alipomaliza akamtazama kaka yake.

"Ngoy, ni daktari njo alinikataza kula. Si huyu mama. Tuko mashinisti batano. Niliogopa kufa sawa ule mwenzetu, na niliogopa kusema."

Papa Ferdinand akasema ni kweli, twendeni godaunini mkaone majina yao ukutani.

Ngoy hakwenda. Alikuwa anampenda mdogo wake, na sasa yeye pia alikuwa ameogopa, kwamba ile sahani ina sumu. Akaketi, kikombe mapajani.

"Tutangoja," akasema. "Kama jua inashuka na ungali muzima, nitamwaga."

Wakuu, mchana ule bado nauota.

Tumbo lenye maji ya ndimu siku tatu limepokea mlima wa bukari na mafuta. Mume wangu akaanza kutoka jasho. Akajikunja. Nikaona koo lake linapanda na kushuka, nikajua anataka kutapika, naye akajua kwamba akitapika tu watasema ni sumu. Akauma kitambaa. Papa Ferdinand alimshika mkono akihesabu mapigo, midomo ikisogea, na kila akinyamaza mimi nilidhani moyo umesimama. Watu walikaa chini wanamtazama tumbo. Hakuna aliyekwenda nyumbani kula. Feza alilia mgongoni, nami sikuweza kumshusha kwa sababu vidole havikufungua fundo la kitenge.

Jua lilikwenda polepole siku ile kuliko siku zote za maisha yangu.

Lilipozama nyuma ya vilima, Ngoy akasimama, akamwaga kikombe chini, akakifukia kile kitope kwa kiatu. "Mama, utusamehe," akasema, akatoka. Vijana wakatoka nyuma yake. Mume wangu akatembea mpaka nyuma ya nyumba ndipo akatapika.

Sasa somo, maana mnapenda somo.

Programu hatukuiacha. Daktari aliongeza mwezi mmoja, mume akafika themanini na nne, akaendesha treni mpaka alipostaafu. Lakini tuliibadilisha ikae na maisha yetu. Siri tuliitupa, wale watano walitangaza wenyewe kambini, wakachekwa wiki moja, ikaisha. Sharti la kutokula kwa watu likawa: kula matonge matatu, shukuru, useme kwa nini umeishia hapo. Kufunga siku tatu kukapigwa marufuku. Masharti yanayoandikwa bila kumuuliza anayepika yanaweza kuua mtu ambaye hata hayuko kwenye kundi.

Mama nilimweleza yote kesho yake, nimepiga magoti. Akasema amesamehe. Naamini alisamehe.

Lakini sahani haikutoka tena nyumbani kwake. Aliishi miaka kumi na moja baada ya pale, na kila aliyemtembelea, hata Feza mjukuu wake, hata mimi, mama alimega yeye kwanza. Anatafuna, anameza, halafu anafungua mdomo uone kwamba kweli amemeza. Ndipo anakusogezea chakula. Nilimwomba aache. Kila mara alinijibu, "Kula, mutoto wangu, iko muzuri."

Ninyi mlio kwenye makundi ya kupungua, niambieni hapa chini: aliyewapikia jana, mliposukuma sahani, alijua sababu? Nasoma majibu yote, macho bado yapo.