Jumamosi za Mama Sidonie

Mwaka ule wa 1953, kama ungepita karibu na misioni huko Kasongo Jumamosi alasiri, usingejua kama kanisani kuna mafundisho au kuna harusi. Vijana walicheka mpaka kuku wa padri wakakimbilia migombani. Katikati yao alikuwa Sidonie, mjane wa miaka thelathini na nane, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

Hakuwa mtawa wala mwalimu wa mshahara. Alilima pamba kama serikali ilivyomwamuru kila mtu alime, na karanga za kula nyumbani. Lakini tangu mume wake afariki, miaka saba sasa, Jumamosi zake alizitoa kwa vijana. Dini aliwafundisha kwa kuigiza. Walipocheza habari za mwana mpotevu, Emile, kijana mwenye maungo makubwa, alifanywa ndama aliyenona. Alipoona kisu cha mti kinamjia akaruka dirishani, na baba wa mpotevu akabaki na karamu isiyo na nyama. Watu walisimulia jambo hilo sokoni mwezi mzima.

Wazee wa kanisa hawakucheka. "Ni michezo tu," walisema. Sidonie alipoomba mikeka, aliambiwa mikeka ni ya wakubwa. Alipoomba ngoma, aliambiwa ngoma imefungiwa. Basi vijana wakakaa chini na kupiga makofi.

Kisha kanisa likapanuliwa. Matofali yote yalitoka tanurini mpaka kwenye kiwanja juu ya vichwa vya vijana wa Sidonie, yeye mbele akiwaanzishia nyimbo. Siku ya sikukuu, Hippolyte, katekista mkubwa, alisimama kuwashukuru watu. Akawataja waliofyatua matofali, waliopanda juu ya paa, wanakwaya, akina mama waliopika, hata mtu aliyeazimisha ngazi. Sidonie alijiweka sawa kwenye benchi, akangoja. Hippolyte akafunga karatasi yake, akasema, "Tuimbe."

Nyumbani alimkuta Waridi, jirani yake Mwislamu, akipepeta mchele uani.

"Mbona uso umekunjamana hivyo, dada?"

"Mwenye ngazi ametajwa, Waridi. Ngazi! Mimi nimeacha."

Waridi alianza kucheka, kisha akaona machozi, akaweka ungo chini. "Kelele zenu za Jumamosi ndizo zinanifanya nisione uzito wa kazi hapa. Lakini kama umechoka, pumzika kwanza. Moyo nao unachoka kama mgongo."

Jumamosi iliyofuata Sidonie hakwenda kanisani. Alichukua jembe akaenda kwenye shamba lake la karanga, lililokuwa limemezwa na majani. Alikuwa hajamaliza hata mstari mmoja aliposikia wimbo unakuja njiani. Akainua kichwa. Mbele alikuwa Pascaline, binti wa miaka kumi na saba, na nyuma yake vijana ishirini na tatu wenye majembe.

"Mama, tulifika kanisani, hakuna mutu," alisema Pascaline. "Tukaona, kama mama iko na kazi nyingi, basi ni kazi yetu."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna. Wewe mwenyewe ulitufundisha: aliyechoka haongezewi maneno, anapokewa mzigo."

Sidonie akawaonyesha mahali pa kuanzia. Wakajipanga mstari, wakaanza kupalilia, na wimbo ukapanda. Emile aling'oa karanga pamoja na majani, akafukuzwa kwa vicheko akachote maji. Muda si muda Sidonie naye alikuwa anaitikia, jasho likimtiririka, meno yote nje.

Ndipo Hippolyte akafika, akikokota baiskeli, viatu vyake vya kanisani vimejaa udongo.

"Padri ameniuliza vijana iko wapi," alisema. "Nikakosa jibu. Miaka saba hajaniuliza hata mara moja, kwa sababu walikuwapo."

"Na jina langu je, siku ya sikukuu?"

Hippolyte akavua kofia. "Nilisahau, mama Sidonie. Si kwamba nilikudharau... Hapana, nitasema kweli. Nilikudharau kidogo. Nilisema moyoni, ni michezo ya watoto. Leo nimefungua kanisa, nikasikia popo tu. Nisamehe."

Sidonie alimtazama mtu huyo mzima aliyesimama kichwa wazi mbele ya watoto wa watu, na hasira yote ikamtoka.

"Nimekusamehe. Kiti cha mbele sitaki. Nataka ufunguo wa chumba cha ngoma."

"Utaupata."

"Na mstari ule pale haujapaliliwa."

Hippolyte akakunja suruali, akapokea jembe. Vijana walipiga vigelegele kana kwamba askofu amefika.

Jumapili Hippolyte alimtaja mbele ya kanisa zima. Sidonie alijifunika uso kwa kitambaa, na ndani yake alifurahi, wala baadaye hakukana. Lakini kila alipohadithia mambo hayo, sifa za kanisani alizipita upesi, akakawia kwenye shamba la karanga.

Miaka minne baadaye Emile alipata kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila. Akatuma habari: "Mama, njoo uone." Sidonie akapanda lori na Pascaline, aliyekuwa sasa mama wa mtoto mmoja, wakatikiswa siku nzima kupita Kabambare. Kwenye kambi ya wachimbaji wakakuta vijana arobaini wamekaa kwenye mikeka mipya, na Emile mbele yao akiigiza Goliati, ameanguka chali.

Walipomaliza kucheka walimwimbia mgeni wimbo wa Kibangubangu, lugha ya upande ule. Sidonie alisikiliza, akakunja paji la uso.

"Huu mimi sikukufundisha, Emile. Umetoka wapi?"

"Tumetunga sisi wenyewe, mama," alisema Emile.

Sidonie akavua kandambili, akaketi mkekani katikati ya vijana. "Haya, anzeni tena mwanzo," alisema. "Polepole, na mimi nijue."