Haya Aliyesuguliwa kwa Limau

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, Edmonton, jikoni kwa mzee ambaye mama humtunza. Mama alikuwa juu anamwogesha. Mimi niliachiwa sarafu zake za shaba za Kirumi nizifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Kikavu, mzee mwenyewe alisisitiza.

Haoni tena. Huzitambua kwa kidole gumba. Ile aipendayo ina mke wa kaisari upande mmoja, nywele zimesukwa. Upande wa pili mwanamke ameketi, anavuta shela ajifunike uso. Mzee alitwambia yule ni Haya, Warumi waliichora kama mtu. Mama alicheka. "Basi huyu ni wewe, mwanangu. Mlango ukigongwa tu, chumbani!"

Sarafu hiyo ilikuwa na kutu ya kijani, kama sinia la bibi kule Unguja likisahauliwa. Sinia la shaba kwetu linasuguliwa kwa ndimu na chumvi mpaka uone meno yako. Kwenye friji palikuwa na nusu limau. Nilitaka afurahi, basi. Nikasugua. Ikang'aa kama pete ya dukani.

Mzee aliposhushwa aliishika, kidole kikasimama.

"Nani kamchuna? Ule ukijani ndio ngozi yake. Karne ngapi ardhini kuipata!"

Mama akaliona ganda la limau kwenye sinki, kisha akaniona mimi.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe."

Mzee akasema atapiga simu ofisini kwa waajiri wa mama, mama asirudi tena. Miaka mitatu mama amemlisha kwa kijiko.

Kwenye basi nilimwomba msamaha, kwa Kiingereza, kama ninavyomjibu siku zote. Akasema, "Haya." Ile haya ya kufunga maneno.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mzee peke yangu. Alinifungulia mlezi mwingine, mgeni kwangu. Nilipita hadi kwenye kiti cha mzee, nikasema ni mimi niliyesugua, si mama.

Aliipapasa sarafu kiganjani kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo mama yako alinidanganya."

"Ndiyo."

"Simu nimeshapiga."

"Piga tena," nikamwambia. "Waambie ni mimi."

Nikaitoa ile sarafu kiganjani mwake, nikamwekea simu.