Wafalme Waliomshuhudia Mwalimu

Juzi, kwenye ofisi moja Kilosa, mwalimu wetu wa zamani alinyimwa barua ya kuthibitisha utumishi wake. Daftari la shule yetu ya Vidunda, lenye jina lake, limeliwa na mchwa.

"Bibi, nani anakushuhudia kwamba ulifundisha?" karani akauliza.

Mimi, bingwa wa darasa lake enzi hizo, nikapaza sauti kwenye foleni, nikianza somo alilotukaririsha: "Konstantino akajenga mji!"

"Theodosi akauzungushia ukuta!" mama mmoja akadakia.

"Basili akawachapa Wabulgari!" tukamalizia wanafunzi wake watano, mikono nyuma kama zamani darasani.

Karani akacheka. "Hao wafalme wa Kigiriki mlifundishwa na nani?"

"Na huyu tu," tukajibu. "Hata mtihani haukuuliza habari zao."

Karani akaigonga barua muhuri. Mwalimu akanigeukia. "Na wa mwisho, aliyefia ukutani?"

Bingwa nikatazama viatu.

"Konstantino tena, wa kumi na moja!" Akanivuta sikio, nami nina wajukuu. Lilivyouma vizuri!