Kunde za mbegu na barafu ya shemeji yangu

Ficheni jina langu na la kanisa langu, na wale wa Matinyani mkinitambua, mkae nayo. Mimi ni mama wa miaka sitini na tano, nimeolewa, nina watoto wanne na mmoja aliye kaburini. Nataka kuongea juu ya huyo wa kaburini, na juu ya mama mkwe wangu, ambaye simpendi. Nasema mapema msije mkafikiri nimekuja hapa kulia.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, wakati kila boma upande wetu lilikuwa na shamba la pamba. Mama mkwe alikuwa na mdomo. Nikisonga ugali, ni maji. Nikifagia, nimeacha takataka. Lakini vita yetu kubwa ilikuwa mbegu. Yeye aliweka kunde za mbegu kwa kibuyu, amechanganya na majivu, vile mama yake alifanya. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, nikaona hayo ni ushamba. Mume wangu alikuwa anapewa dawa ya pamba, ile ya unga mweupe. Mtu wa kilimo alitukanya kabisa isiguse chakula. Nilimsikia vizuri. Nikajiambia mbegu si chakula. Nikaimwaga kwa kibuyu changu, kunde zikakaa bila mdudu hata mmoja, na nikamringia mama mkwe mwaka mzima bila kumwambia nilitia nini.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Siku moja nikaenda soko la Kabati kuuza kuku, nikamwachia mama mkwe mtoto wangu wa kwanza, Mwende, alikuwa na miaka mitatu. Mtoto akalia njaa. Mama mkwe akaingia kwangu, akachota kunde za kibuyu, akaziosha na maji kidogo kwa sababu maji tulikuwa tunateka mbali, akapika, wakala wote wawili. Niliporudi mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Alikufa kabla hatujafika barabarani kutafuta gari. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amelala chini, ametapika, mikono inatetemeka. Watu wakasema anajifanya.

Mimi ndiye nilianza hayo maneno. Nilisimama mbele ya wazee wa ukoo nikasema, "Huyu mama amenilia mtoto."

Yeye akajibu tu, "Nilimpikia kunde. Hata mimi nilikula."

Mzee mmoja akanigeukia akaniuliza, "Hizo kunde zilikuwa na nini?"

"Zilikuwa kunde," nikasema.

Kibuyu nilikuwa nimekiona kimepungua nusu. Nilikuwa nimekitupa chooni asubuhi ya hicho kikao, na nikajikataza kujiuliza kwa nini natupa. Mama mkwe alifukuzwa kama mchawi, akarudi kwa ndugu zake huko Kilungu na nguo alizovaa. Mume wangu ni mwanawe wa kwanza, na hakumsindikiza hata mpaka kwa lango.

Miaka ya tisini, shemeji yangu, kitinda mimba wa huyo mama, akarudi kutoka masomo ng'ambo. Wakati wa msiba alikuwa mtoto, yuko shule ya bweni. Sasa kazi yake ilikuwa kuchimba barafu huko mwisho kabisa wa dunia. Tulimcheka sana. Mtu wa Ukambani ameenda mbali hivyo kuchimba maji. Akatuonyesha picha ya barafu iliyotolewa chini, ndefu kama gogo, imekatwa vipande. Akaeleza kwamba huko theluji haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana, kwa hivyo ukitoboa kwenda chini unarudi nyuma miaka. Wanayeyusha kipande kimoja kimoja, wanapima.

"Shemeji, hata dawa ya pamba iko huko," akaniambia. "Vipande vya zamani, kabla itengenezwe, hakuna kitu. Ukifika miaka ile watu walikuwa wakipulizia mashamba, iko. Na huko hakuna shamba. Upepo ndio ulipeleka."

Nikamuuliza kama ni mbaya hivyo. Akasema mtu akila nyingi anatetemeka, anaanguka, na mtoto mdogo anaweza kufa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Hapa nyumbani mliwahi kuiweka kwa nafaka? Watu wengi waliweka."

"Sisi? Hatujawahi," nikasema, nikamwongeza chai.

Nilimchukia kuanzia siku hiyo. Ameenda mpaka mahali hakuna watu, akarudi kunifukulia mambo jikoni kwangu. Nimenyamaza karibu miaka thelathini.

Sasa mama mkwe ana karibu miaka tisini, ni mgonjwa, na anaomba arudi nyumbani. Mume wangu na ndugu zake wameniambia, "Wewe ndiye uliumia. Ukisema aje, atakuja." Pasta amesikia, ametenga Jumapili hii nisimame na huyo mama mbele ya kanisa, nimsamehe. Wamama wananikumbatia njiani wakisema nina roho kubwa. Nikiwaona nataka kuwapiga.

Juzi mume wangu alienda Kilungu kumpelekea habari. Akarudi na jibu la mama yake: "Mwambie nakubali nilimuua mtoto. Nitasema hata kanisani. Nataka tu kuzikwa kwangu."

Bado simpendi. Na nikisema ukweli, watoto wangu watajua ni nani alimuua dada yao. Nikinyamaza, huyo mzee atasimama akiri, nami nitamshika mkono nimwambie nimekusamehe, na watu watapiga makofi. Msiniambie niombe, nimeomba. Jumapili ni kesho kutwa. Nishaurini, nifanye nini nikiitwa mbele?