Majipu ya Watoto wa Bwana

Nilikuwa yaya katika shamba la mzungu mmoja upande wa Rongai, miaka ile ya Hali ya Hatari. Nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na bwawa la kuogelea la saruji, na watoto wawili niliowalea walishinda humo kutwa. Mwaka huo mvua ilikataa. Mfereji ukapungua, bwana akakataa kubadilisha maji ya bwawa. Dawa ya kutia majini nayo ikaisha. Alienda Nakuru mara tatu, akarudi na pombe na risasi, dawa akaisahau. Maji yakageuka kijani. Ukitia mkono unatoka na utelezi.

Jumatano moja nikiwavalisha watoto niliona vipele mapajani, pale nguo za kuogelea zilipobana. Kesho yake vilikuwa na usaha. Nikavipaka mafuta, nikanyamaza, maana mtoto akiugua yaya ndiye anayeulizwa.

Jumamosi wageni walikuwa wanakuja. Memsabu, mke wa bwana, akamwamuru dobi aingie bwawani asugue kuta. Dobi alikuwa mama wa makamo, mjane, ndiye aliyenipokea nilipofika pale simjui mtu. Alisimama majini hadi kiunoni, asubuhi mpaka adhuhuri. Wiki iliyofuata alikuwa na majipu miguu yote miwili, akawa anachechemea akianika nguo.

Memsabu aliyaona siku ileile alipogundua ya watoto. Akatuita uani.

"Hii ndiyo naleta ugonjwa!" alisema, akimwonyesha dobi kidole. "Nashika nguo ya mtoto na mikono chafu!"

"Hapana, memsabu," dobi akajibu polepole. "Watoto ndio walianza. Ni maji yale. Muulize yaya, yeye ndiye huwavalisha."

Memsabu akanigeukia. "Yaya, nani naanza?"

Dobi alinitazama bila wasiwasi. Alijua nitasema kweli.

"Dobi, memsabu," nikasema.

Ikaletwa ndoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na brashi ya sakafu. Brashi nikapewa mimi. Dobi alivuliwa nguo palepale uani, mbele ya mpishi na wakamuaji, nami nikamsugua. Memsabu akisema "Nguvu!" nilitia nguvu. Majipu yalipasuka, dawa ikaingia. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Nimekukosea nini, mwanangu?" Nikachovya brashi tena. Niliogopa memsabu atatuona tukizungumza.

Kabla jua halijatua alipakiwa kwenye lori la ngano pamoja na sufuria zake, akashushwa barabarani bila barua ya ruhusa ya kusafiri. Mwanamke Mkikuyu bila barua, siku zile, haendi mbali. Kama alikamatwa au alifika kwao sikuwahi kusikia, wala sikuuliza.

Siku ya tatu daktari akaja kutoka Nakuru. Aliwatazama watoto, akaenda kulitazama bwawa, kisha akamwambia mtu wa bustani, "Mwaga haya maji yote. Ugonjwa unatoka hapa." Memsabu alikuwa karibu, akasikia. Akacheka kidogo, akamkaribisha chai.

Tulipolimwaga tulikuta vyura waliooza chini. Jioni memsabu akaniambia nihamie nyumba ya dobi, kwa sababu haikuvuja na ilikuwa karibu na watoto. Nikafagia, nikatandika kitanda changu, nikalala usingizi mzuri.