Papa aliona gari ikitugonga kwa rond-point, akaambia polisi hakuona

Admin, tafazali ficha jina langu na la patron wangu mwenye ananipa kazi, juu batu ya Mubi batatujua haraka.

Mimi ni mama wa miaka makumi tatu na munane, muzaliwa wa Masisi, kwa familia ya wafugaji. Nilijifunza kuendesha na pikapu ya Papa, tukiteremusha maziwa Goma. Leo niko mukimbizi Kampala, ninaendesha kamioneti, gari ndogo ya muzigo, ya patron mumoja wa Butembo. Tulijuana Mubi, kule kwetu, nikimubebea sabuni na chumvi mupaka Kibua. Vita ilipofika kule, akahamisha duka yake huku na akaniita. Nyumba yenye tunalala, mimi, Papa na batoto wangu, iko nyuma ya duka. Yeye njo alitupatia.

Ninyi munajua barabara ya Kibua. Kamio mbili zikikutana kwenye matope, bashofere banashuka, banasalimiana, banaangalia nani amebeba muzigo muzito, na mwingine anarudi nyuma. Hakuna polisi lakini tunaelewana. Huku kuna lami, kuna alama, kuna polisi, na kila siku nafika nyumbani kichwa inaniuma.

Huku gari zinapita kushoto. Nilifundishwa hivi: ukifika kwa rond-point, pale gari zinazunguka, simama, angalia kuume, mwenye ameisha ingia anapita mbele yako. Ni hiyo tu. Lakini nani anafuata? Ukisimama, wa nyuma anakupigia honi na kukutukana. Mapikipiki yanaingia pande zote, mengine yanazunguka kinyume. Mwenye gari kubwa anasukuma pua ndani huku anakuangalia macho kwa macho, anajua utafunga breki. Wakisikia Kiswahili yangu wanasema, "Mukongomani, rudi kwenu ukachunge ngombe!" Nimevumilia, juu batoto lazima bale.

Siku moja asubui nilikuwa napeleka Papa kwa dispanseri, presha yake ilikuwa imepanda. Tulifika kwa rond-point, nikasimama, nikangoja, nikaingia. Nilikuwa nimeisha zunguka nusu wakati jeep moja nyeusi ilitoka kushoto bila kupunguza mwendo. Papa alikuwa kwa upande ule. Alipiga kelele, "Binti, huyu hasimame!" Nilikanyaga breki, lakini jeep ikaingia kwa mulango wake. Mukono wake ukavunjika.

Mwenye jeep akashuka, mwanaume wa suti, simu ikiwa kwa sikio. Hakuuliza muzee anaendelea aje. Aliposikia Kiswahili yangu alisema, "Huyu mwanamuke hajue kuendesha, kwao banapita kuume." Batu bakajaa, na wengine benye hata hawakuona kitu bakaitikia. Polisi akakuja. Nikamwambia, "Afande, mimi nilikuwa ndani tayari. Papa yangu ameona yote, muulize." Polisi akainama kwa dirisha. "Muzee, nani aliingia wa kwanza?"

Papa aliniangalia, akaangalia yule wa suti. Akamwambia polisi, "Sikuona, mwanangu. Nilikuwa nimefunga macho."

Wandugu, ile maneno iliniuma kupita kila matusi ya ile barabara. Papa mwenyewe! Yeye mwenye alipiga kelele mbele yangu!

Tulipotoka hospitali, mukono wake ukiwa na plasta, sikuweza kunyamaza. "Papa, kwa nini?"

Akasema, "Binti, umesahau malisho yetu? Jirani alinyanganywa ngombe, bakaniuliza nani alifanya. Mimi niliona, nikasema. Kisha wale wenye niliwataja bakakuja kwetu, bakabeba ngombe zote na kuchoma nyumba. Mama yako alikufia kwa kambi ya wakimbizi ya Kashuga sababu ya mudomo yangu. Toka siku ile, mimi sionake kitu."

Sikujua. Miaka yote hii nilifikiri balitushambulia tu kama walivyoshambulia wengine. Nililia, lakini hasira haikuisha. Huku si kule, Papa! Huku nilikuwa na haki!

Kumbe mambo haijaisha. Patron akaniita. Yule wa suti, mimi sikumujua, kumbe njo mwenye nyumba ya duka, patron anamulipa kodi. Patron aliongea pole pole, hata kuniangalia hakuweza. "Dada, ukubali tu kosa kwa polisi. Ukikataa, huyu baba atatutoa wote. Duka itafungwa, na wewe utalala wapi na muzee?"

"Patron, nikikubali banachukua permi yangu ya kuendesha. Nitafanya kazi gani?"

"Utauza ndani ya duka."

"Na mukono wa Papa? Tuseme mimi njo nilimuvunja?"

Akarudi kupanga sabuni. Si muntu mubaya, alituokota wakati hatukuwa na kitu. Hiyo njo inanichoma zaidi.

Polisi wanatungoja juma lenye linakuja. Nilimuomba Papa tena, asubui, nikimusaidia kuvaa shati. Nilimwambia, "Sema tu vile uliona, hakuna mwenye atachoma kitu." Alinitoa mikono, akafunga vifungo yeye mwenyewe na mukono mumoja. Akasema, "Nitakusindikiza. Lakini usiniulize mbele yao." Na mimi, kila nikifika kwa ile rond-point, nasimama hata kama barabara iko tupu, batu ya nyuma banapiga honi, na mikono inakataa kugeuza usukani.

Ninyi bashofere, ninyi mwenye muko na wazazi waliopita kwa hii vita, nasoma majibu yote. Nikubali kosa ya mutu mwingine ili tupate pa kulala, ao nimusukume Papa aseme mbele ya wanaume kitu chenye anaogopa kuliko kifo? Munisaidie mawazo, nifanye nini? Na tafazali, musimutukane Papa.