Jasho la Ukuta wa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu alishona nguo miaka kumi na tisa katika chumba cha chini ya nyumba, kile unachoshukia ngazi tisa huku umeinamisha kichwa. Usipoinama, boriti itakukumbusha. Humo alikuwa na cherehani mbili, pasi ya mvuke, na ulimi mkali kuliko mkasi. Ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, anakwambia, "Mwanangu, hii ni leso. Nenda kapungue kwanza." Na wateja walirudi!

Mwaka wa kumi na tisa ukuta wa nyuma ukaanza kutoka jasho. Rangi ikatutumka, ukungu ukapanda, na asubuhi moja gauni jeupe la bibi harusi likakutwa na madoa meusi mgongoni. Mama mdogo akakaa sakafuni akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliumia.

Mumewe, baba mdogo, mwalimu mkuu mstaafu, akasema, "Ni mvuke wa pasi yako hiyo. Funga chumba, uhamie sebuleni."

"Sebuleni! Wateja wavue nguo mbele yako?"

"Nitageuka."

"Utageuka, wewe?"

Akaitwa fundi mwashi, mtu mpole. Alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakizungushia selotepu pande zote. "Siku tatu msiguse," akasema. "Maji yakitokea mbele ya nailoni, ni mvuke wa humu ndani. Yakitokea nyuma yake, yanapenya kutoka nje." Wakakubaliana hapo hapo: ikiwa ni pasi, chumba kinafungwa.

Msiguse! Anawaambia akina nani? Kila asubuhi kabla ya chai mama mdogo alishuka na kitambaa cha pamba, akaifuta nailoni kavu. "Napangusa vumbi tu," ananiambia, na wala sijamuuliza. Nikipanda ngazi napishana na baba mdogo, kashika kichupa cha kunyunyizia waridi zake, anapiga mluzi. Waridi gani chini ya ardhi, jamani? Nikaenda zangu kunywa chai. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Siku ya tatu fundi akainama, akanusa. "Nailoni hii ina nyuzi za pamba," akasema, "tena inanuka dawa ya kuulia wadudu wa maua."

Wenye nyumba wote wawili wakaangalia dari.

Akabandua selotepu. Maji ya nyuma yakamwagika yakamlowesha hadi kiwiko. Wote wawili walikuwa wamehangaika bure. Akatoka nje, nasi nyuma yake, akakuta bomba la mvua la paa limekatwa usawa wa goti, linajaza pipa, na pipa limefurika kwenye msingi wa ukuta ule ule.

"Nani kakata bomba?"

Baba mdogo alilikata mwenyewe, kwa ajili ya waridi. Akaanza kukagua viatu vyake.

"Miaka thelathini unakataza watoto wasiibe mtihani!" mama mdogo akamwakia.

"Na wewe je?"

"Mimi nilifuta. Wewe uliandika!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba mdogo hakucheka. "Tangu nistaafu niko peke yangu huko juu kutwa nzima," akasema taratibu. "Nasikia cherehani tu." Mama mdogo akampangusa vumbi begani.

Fundi akarefusha bomba, akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba. Ukuta ulichukua miezi miwili kukauka. Gauni lilikatwa mgongo mpya, na bibi harusi hajui hadi leo.

Sasa chini ya ngazi kuna kigoda. Baba mdogo hukikalia kila siku akishona vifungo, vingi vimepinda, na paji la uso lina nundu ya boriti. Mteja akija kupimwa, mama mdogo hasemi mengi.

"Geuka."

Naye anageuka, uso ukutani, pale pale palipokuwa na nailoni.